Ajali haina kinga? Jibu kwa mama wa Bombolulu

Swali: Assalamu alaykum, Mhandisi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Bombolulu, Mombasa. Chuo cha wanangu, yaani madrasa, kiko ng'ambo ya Barabara ya Malindi. Wakitoka shule wanavuka alasiri kwenda chuoni, na magharibi ikikaribia wanavuka kurudi. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu aligongwa na pikipiki pale pale, akavunjika paja. Kila mwaka nasikia serikali ina mkakati wa kupunguza vifo vya barabarani, naona askari wengi kwa wiki mbili, kisha kimya. Mume wangu ni dereva wa matatu, na yeye asema kila kitu husukumiwa madereva. Je, hii mikakati ni ya kweli au ni maneno tu? Na mimi, mama wa nyumbani, naweza kufanya nini zaidi ya dua?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu, na hilo la mume wako ni zito kuliko pengine alivyodhani mwenyewe alipolisema.

Mkakati upo. Wa sasa ni mpango wa taifa wa usalama barabarani wa 2024 hadi 2028, uliozinduliwa Aprili 2024, na nyuma yake kuna lengo la Umoja wa Mataifa la kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa nusu ifikapo 2030. Wazo lake ndilo wanalokubaliana wataalamu wengi duniani: barabara salama, mwendo salama, magari salama, watu wenye tahadhari, na huduma ya haraka kwa majeruhi. Sina ugomvi na karatasi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba sehemu ya askari na vizuizi ndiyo hutekelezwa, kwa kuwa yaonekana kwenye televisheni, na sehemu ya mhandisi na sepetu hubaki kwenye makabrasha. Wanao wanaihitaji zaidi hiyo ya sepetu.

Tazama hesabu. Kwa takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama, waliokufa barabarani Kenya mwaka 2023 walikuwa 4,324. Mwaka 2024 wakawa 4,748. Tumepanda tulipopaswa kushuka. Na hao ni wale waliofika kwenye daftari la polisi. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965, na Shirika la Afya Duniani likakadiria kuwa vilikuwa zaidi ya 13,000. Si lazima mtu awe amedanganya. Mtu hugongwa Jumatatu, akapelekwa hospitali ya karibu, akahamishiwa hospitali kuu ya Makadara, akafariki wodini wiki ya pili, na daftari la kituo likabaki limeandikwa "majeruhi". Aliyemwandika hakuambiwa, na aliyemzika hakwenda kuambia.

Lakini kuna jambo ambalo hata hesabu hizi pungufu zinalisema wazi: kundi kubwa kuliko yote la wanaokufa ni waenda kwa miguu, zaidi ya thuluthi moja. Yaani wasio na gari, wasio na leseni ya kunyang'anywa, wasioweza kufungwa mkanda. Ukiwa na mkakati ambao kazi yake kubwa ni kusimamisha matatu na kukagua vyeti, hao hujawagusa.

Sasa, sisi watu wa pwani tuna methali inayotupoza roho: ajali haina kinga. Nimeisikia matangani mara nyingi, na sitamkatalia mfiwa neno linalomfariji. Ila ofisini, mezani pa wanaochora barabara, methali hiyo ni hatari. Sweden mwaka 1997 bunge lao lilipitisha sera iliyosema, kwa maneno ya kwetu, kwamba mtu atakosea daima, na barabara ichorwe hivi kwamba kosa lake lisimuue. Mtoto wa miaka 9 atakimbilia mpira. Dereva aliyeamka saa tisa usiku atasinzia. Hao si wahalifu. Kinachobadilika ni kile kinachowangoja wakishakosea. Na kwa sisi tuliosoma chuoni, mbona tulifunzwa zamani: mfunge ngamia wako, kisha mtegemee Mungu. Dua yako, dada, usiiache. Mimi nazungumzia kamba ya ngamia.

Kuhusu askari wa wiki mbili. Pengine wewe ulikuwa mdogo, lakini mume wako atakumbuka Februari 2004, kanuni za matatu za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kazi: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare za dereva na kondakta, abiria 14 na asisimame mtu. Siku za kwanza watu walitembea kwa miguu kwa sababu matatu zilikuwa gereji zikifungwa mikanda. Vifo vilipungua miezi ya mwanzo. Mkono ulipolegea, vikarudi. Desemba 2017 mabasi ya masafa marefu yakakatazwa kusafiri usiku, na baada ya muda mfupi katazo likaondolewa. Novemba 2018 serikali ikatangaza kwa kishindo kurudi kwa kanuni za Michuki, kanuni ambazo hakuna aliyekuwa amezifuta. Hapo ndipo mimi nilipocheka, kicheko cha uchungu.

Dereva hapunguzi mwendo kwa sababu faini ni kubwa. Anapunguza akijua kwa hakika kwamba hapa nitakamatwa, leo, na kesho, na Jumapili alfajiri. Dereva yeyote wa njia ya Mtwapa ajua askari husimama wapi, na asipojua, mwenzake anayetoka mbele humwashia taa mara mbili. Tuta haliashiwi taa. Haliendi kula chakula cha mchana, na halipokei kitu kidogo.

Ndiyo, najua matuta yana sifa mbaya. Mengi yetu yamejengwa vibaya: makali, hayana rangi wala alama, usiku huyaoni mpaka kichwa kimegonga paa. Mengine ni matuta ya hasira. Mtoto amegongwa, vijana wameziba barabara, na kesho yake watu wamemwaga kokoto na saruji wao wenyewe. Hayo siyatetei, ingawa nawaelewa waliomwaga. Nasemea jambo jingine, nalo ni zebra iliyoinuliwa: jukwaa bapa, pana, la kimo cha ukingo wa njia ya miguu, lenye mistari juu yake na miteremko mipole pande mbili. Gari hulipanda kwa kilomita 30 bila kuumia, na kwa 70 linaumia. Mtoto anavuka juu yake akiwa ameinuka, anaonekana. Zebra ya rangi peke yake kwenye barabara ya kasi naiona kama mtego, kwa maana inamwambia mtoto "hapa ni pako", na haimwambii dereva kitu.

Hebu nikupigie hesabu moja ambayo napenda kila mzazi aijue. Mtoto anajitokeza mbele ya gari, mita 28 hivi. Dereva hahitaji kuwa mlevi. Tumpe sekunde moja ya kushtuka na kukanyaga breki, breki nzuri, lami kavu. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde ile ya kushtuka imemla mita 14, na breki zimemla nyingine 14. Gari limesimama hapo hapo mbele ya mtoto, mtoto analia, dereva anatukana, wote wanakwenda nyumbani. Akiwa kwenye 60, gari linamfikia mtoto likiwa bado na kilomita 40. Akiwa kwenye 80, mwendo ambao kidhibiti cha matatu kinauruhusu kabisa, sekunde ya kushtuka peke yake imemla mita 22, breki ndiyo kwanza zimeshika, na gari linamgonga mtoto likiwa na zaidi ya kilomita 70. Dereva ni yule yule, na macho yake ni yale yale. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi.

Sheria ya trafiki yetu, Sura ya 403, yasema ndani ya mji ni kilomita 50. Bombolulu ni mji. Kidhibiti mwendo cha 80 kilitengenezwa kwa ajili ya njia ya Voi, ya safari ndefu, na watu wanakichukulia kama ruhusa ya kukimbia 80 Kisauni.

Hapo nafika kwa mume wako, mpe salamu. Ana haki, kwa nusu. Dereva wa matatu anaamka na hesabu ya tajiri, anaweka mafuta, anajua wa kumpa nini na wapi, kinachobaki ndicho chake. Kila dakika anayosimama nyuma ya tuk-tuk ni pesa yake, si ya tajiri. Ukimlipa mtu kwa safari, umemlipa kwa kasi. Kanuni za NTSA za mwaka 2014 za magari ya abiria ziliweka kwamba dereva na kondakta waandikwe kwa mkataba na walipwe mshahara wa mwezi. Muulize kama mkataba huo amewahi kuuona. Serikali inayomfukuza dereva barabarani na haimfuati mwenye gari ofisini, imekamata mkia.

Nusu nyingine ni yake. Mwambie achukue kilomita 4 za mjini: kwa 80 ni dakika 3, kwa 50 ni dakika 4 na sekunde 48. Anachopata hakifiki dakika mbili, na hizo zenyewe zinamezwa na foleni ya Daraja la Nyali.

Tuje barabarani kwako. Barabara ya Malindi ilikuwa njia mbili zenye mabega mabovu, na tulikuwa tukilalamika foleni. Kuipanua hadi Mtwapa lilikuwa jambo la lazima, silipingi. Lakini barabara ikipanuliwa, mambo mawili hutokea pamoja: magari yanakwenda mbio zaidi, na mtu wa miguu ana upana mkubwa zaidi wa kuvuka. Ile lami mbovu, kwa ubaya wake wote, ilikuwa ikipunguza mwendo. Ukiiondoa bila kuweka kingine cha kupunguza mwendo, umewapa magari zawadi na bili umempelekea mtoto. Ningependa kuona, kila mahali penye steji, soko, shule au chuo, kisiwa cha katikati ambapo mtu anavuka upande mmoja, anapumua, kisha anavuka wa pili. Mzee mwenye bakora anaweza kukadiria gari la upande mmoja. Pande mbili kwa pamoja hata mimi hunishinda.

Utaambiwa daraja la juu la waenda kwa miguu ndilo suluhisho. Kwa barabara kubwa mno, kama penye trela za bandarini Changamwe na Jomvu, sawa, na liwe na mteremko wa kupandisha mkokoteni na kiti cha magurudumu. Kwingine watu hulikwepa, na si kwa ukaidi. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani anaambiwa apande ngazi kama za ghorofa mbili na ateremke, kuvuka mita 20. Usiku juu huko hakuna taa, na kila mtu ajua anayengoja huko ni nani. Kisha tunajenga ukuta katikati ya barabara kuwalazimisha, na watu wanauruka ukuta.

Kuna jambo la Mombasa ambalo sijaliona kwenye mkakati wowote, nalo umelitaja wewe bila kujua: chuo. Wanaopanga usalama wa watoto hutazama saa za shule, asubuhi na mchana. Huweka askari wa kuvusha watoto saa moja asubuhi na kibao cha "shule mbele". Lakini watoto wa Kisauni, wa Likoni, wa Majengo, wana safari ya pili, ya alasiri kwenda chuoni, na ya tatu, ya kurudi. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya. Jua letu huzama baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na ndiyo saa ambayo matatu zote zatoka mjini zimejaa, boda zinapenya katikati, na dereva anatazama mwanga wa jua la machweo. Vijana wa kiume angalau wana kanzu nyeupe. Wasichana wamevaa mabuibui meusi, juu ya lami nyeusi, chini ya nguzo ambayo taa yake imekufa tangu Ramadhani iliyopita. Sisemi wavue. Nasema taa iwake, na zebra iwe hapo wanapotokea kwenye kichochoro cha chuo, si mita 300 mbele ambako mchoro ulipenda iwe. Masika mtaro ukifurika, ile njia ya miguu inazama na wote hao wanaingia barabarani. Mtaro wa maji ni kifaa cha usalama barabarani, ingawa hakuna waziri atakayekata utepe wa mtaro.

Je, yawezekana? Wenzetu Dar es Salaam wamefanya. Shirika la Amend lilichukua shule ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa sana, likapima, kisha likatengeneza vitu vidogo: njia ya miguu iliyotengwa kwa vigingi, zebra, matuta, vibao, na pengine kuhamisha lango la shule litazame njia ya ndani badala ya barabara kubwa. Majeraha ya watoto yalipungua kwa asilimia 26 hivi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata Tuzo ya WRI Ross, tuzo ya kimataifa ya miradi ya miji. Dar, mji kama wetu, joto lile lile, daladala badala ya matatu. Hawakungoja barabara ya mabilioni.

Kofia za boda sitazieleza sana kwa kuwa hukuuliza, ila mwanao akipanda boda, kofia nzuri iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 40 hivi, na ile iliyoning'inizwa kwenye usukani haipunguzi kitu.

Na sasa, ufanye nini. Kwanza ujue barabara ni ya nani, maana hapa ndipo wananchi wengi huchoshwa mpaka wakakata tamaa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, na trafiki na maegesho. Barabara kuu zikabaki za serikali ya kitaifa. Barabara ya Malindi, ile ya Nairobi na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu. Kwa hiyo ukienda kwa mwakilishi wa wadi kudai zebra pale Bombolulu, atakwambia "ile si yetu", na hasemi uongo. Barabara ya ndani ya mtaa unayopita kabla ya kufika hapo, pengine ndiyo yake. Na kila lita ya mafuta anayoweka mume wako tangu Julai 2024 ina shilingi 25 za kutunza barabara ndani yake. Hamwombi sadaka.

Usiandike barua ya kusema "watoto wetu wanakufa, tusaidieni". Barua hizo ziko nyingi, zimejaa sanduku. Andika barua ya hesabu. Tafuta mama wawili, au mwalimu wa chuo na kijana mmoja mwenye simu. Pimeni mita 50 kando ya barabara, kutoka nguzo hadi nguzo au kutoka duka hadi duka, kwa futi ya fundi. Simameni mbali na lami. Gari likipita alama ya kwanza washa saa ya simu, likipita ya pili zima. Gari la kilomita 50 kwa saa huchukua sekunde 3.6. La 80 huchukua sekunde 2 na robo. Pimeni magari 100, andikeni yote, hata yale yanayokwenda taratibu. Mwingine ahesabu wanaovuka kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili na nusu, watoto mbali na wakubwa mbali. Chukua siku ya Jumanne au Jumatano. Alhamisi na Ijumaa vyuo vingi hufungwa na hesabu itakudanganya.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: mahali, saa, idadi, mwendo, picha mbili, na ombi moja tu, kwamba wafanye ukaguzi wa usalama wa barabara pale na wawape matokeo yake. Ipelekwe kwa wenye barabara, nakala kwa ofisi ya NTSA hapa Mombasa, na nakala kwa kamati ya uchukuzi na usalama ya kaunti, ambayo imo ndani ya sheria ya NTSA ingawa wananchi wengi hawajui kama ipo. Ongeza mstari unaotaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Mstari huo, nimeona, hubadilisha sauti ya karani. Msikubali "tutawapigia". Nakala yenu igongwe muhuri na tarehe mbele yenu, kisha mkae nayo. Mtoto mwingine akigongwa pale, Mungu apishe mbali, hakuna atakayesema hakuambiwa.

Na siku ya kuhesabu, kama mume wako hana zamu, mpe yeye ile simu ya kupimia sekunde.